Zamu ya Kuonja

Usagara,
4 Agosti 2024

Dada Bernadeta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Ikinuka dagaa usiniulize mimi, muulize Msafiri, maana anaibeba ndani ya koti lile lile analolalia juu ya magunia melini. Ningepiga simu, lakini simu yako hupokelewa na mteja yeyote wa mgahawa aliye karibu nayo. Mara ya mwisho nilizungumza robo saa na mvuvi mmoja kuhusu mguu wa Selina, akanielekeza mpaka dawa.

Sisi huku hatujambo. Mguu wa mke wangu umepona, ila si kwa dawa ya yule mvuvi. Rebeka wako amerefuka, ananifika sikioni. Hesabu bado anagombana nazo, lakini Baiolojia inamkubali. Kula anakula. Mimi ndiye mpishi wa shule anayosoma na ndiye mjomba anayelala kwake, kwa hiyo hana pa kukimbilia.

Sasa sikiliza. Mdogo wako nimepelekwa semina. Barua ilikuja shuleni ikitaka mwalimu wa malezi, mzazi mmoja, na "mfanyakazi asiye mwalimu". Wasio walimu hapa tuko wawili, mimi na mlinzi, na mlinzi ndiye semina ilikuwa inamhusu. Nikaenda mimi, na Mwalimu Malimi wa malezi, na Mzee Maige kwa upande wa wazazi. Siku tatu Buzuruga, kwenye ukumbi wenye feni tatu, moja ndiyo inazunguka. Tulifundishwa jinsi ya kuwakinga vijana na ulevi na dawa za kulevya, ili tukirudi tuwafundishe wazazi.

Mkufunzi ni binti mdogo wa mjini, Bi Zakia, mpole, lakini akikuuliza kitu hahami mpaka umjibu. Siku ya kwanza alituandikia ubaoni dalili za kijana anayetumia: macho mekundu, kusinzia saa za kazi, hasira za haraka, kuomba pesa bila maelezo. Mzee Maige akaninong'oneza, "Mpishi, huyu si mkuu wenu wa shule?"

Siku ya pili tukagawiwa karatasi, tuandike bila jina: mara yako ya kwanza kuonja kilevi ilikuwa wapi, na nani alikupa. Watu wazima arobaini, ukumbi kimya kama mtihani wa darasa la saba. Bi Zakia akakusanya, akasoma kwa sauti. Karibu wote walionjeshwa na "marafiki wabaya". Nikawaza, hao marafiki wabaya walikuwa na kazi nyingi sana mkoa huu. Karatasi moja tu ilisema: "Nyumbani, nikiwa na miaka saba. Mama alinituma nionje." Hiyo aliisoma mara mbili. Mimi nilikuwa natazama feni.

Dada, kile kikombe kidogo cha bati, chenye ua jekundu, kilikwenda wapi baada ya msiba wa mama?

Rebeka anakuamkia.

Mdogo wako,
Mashimba


Kisiwani,
1 Septemba 2024

Mdogo wangu Mashimba,

Marahaba. Barua yako nimeipata jana. Msafiri alikuwa ameisahau wiki tatu kwenye koti, na sasa anadai soda kwa kuikumbuka.

Nimefurahi wifi amepona. Yule mvuvi nimemsomea, anasema ni dawa yake, mwambieni asiache kupaka. Huku ni mzima mimi, mgongo tu. Dagaa wamekuwa wachache, wavuvi wengine wamehamia visiwa vya mbele, na mgahawa unapiga miayo. Alhamisi jumuiya ilisali kwangu. Mwenyekiti alivuta hewa akauliza ninapika nini nyuma. Nikamwambia uji. Akasali haraka kuliko kawaida yake.

Kuhusu karatasi yako. Ndiyo, mama alipika gongo. Kila mtu Misungwi alijua, hata katekista, maana alikuwa akipita mlango wa nyuma. Kwa gongo hiyo tulivaa viatu, na wewe ulilifikia hilo darasa la saba unalojisifia. Kuonja kwetu kulikuwa kazi kama kuchota maji. Unaweka ulimini, unatema, unasema "tayari" au "bado", basi, unakwenda kucheza. Hakuna aliyekulewesha. Mambo ya ndani hayaandikwi kwenye karatasi za semina, hata bila jina. Mwandiko wako wenyewe ni jina.

Na usije ukamtaja Alexander mbele ya watu. Kaka yetu alikufa kwa homa. Mama alisema homa, kanisani wakaandika homa, na mimi nasema homa.

Kikombe ninacho. Napimia chumvi.

Mwambie Rebeka asome. Likizo ya Desemba namhitaji huku, kazi ni nyingi.

Dada yako,
Bernadeta


Usagara,
15 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, na Selina anapaka dawa ya mvuvi kwa heshima yako.

Leo sina utani mwingi. Jumanne Mwalimu Malimi alikuja jikoni akaniambia, "Mzee Mashimba, acha ugali, njoo." Nikaenda na mwiko mkononi. Nyuma ya banda la kuni walikuwa wanafunzi sita na chupa moja ya maji, ambayo haikuwa na maji. Malimi akauliza, "Nani mwenye hii?" Wote wakamtazama Rebeka. Si kwa kumsingizia, dada. Walimtazama kama wagonjwa wanavyomtazama daktari.

Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, Rebeka hanywi. Rebeka anatuonjea."

Ikaeleweka polepole. Wananunua gongo kwenye nyumba moja karibu na njia panda. Mwezi wa sita mwenzao wa kidato cha pili alikunywa akatapika siku mbili. Tangu hapo hakuna anayegusa mpaka Rebeka aonje kwanza, atangaze. Nikauliza anatangazaje. Yule kijana akasema, "Anasema 'tayari', au anasema 'bado'."

Maneno hayo sikuwa nimeyasikia miaka thelathini na tano. Mwiko ulinianguka. Mlinzi aliuokota.

Jioni nilimketisha kwenye kigoda, tukawa tunachambua maharage ya kesho. Nakuandikia kama tulivyosema.

"Nani alikufundisha?"

"Mjomba, mbona unauliza unachokijua?"

"Sikijui."

"Kila likizo. Mama anapika, mimi naonja. Mama anasema ulimi wangu haudanganyi."

Dada, hayo ni maneno ya mama, na alikuwa akimwambia Alexander.

Nikamuuliza, "Unatema?"

"Natema." Kisha akainamia maharage. "Mara nyingi."

Kwa sheria za shule wote sita wangefukuzwa. Malimi amepigana kiume. Alimwambia mkuu, "Tumetoka semina ya kuwasaidia, tusianze kwa kuwatupa nje, watanywea huko huko." Mkuu amekubali kwa sharti moja: mzazi wa kila mmoja afike shuleni Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba, siku tutakayofanya mafunzo ya wazazi. Mzazi, amesema, si mjomba. Mimi nimemwambia mjomba Usukumani ni mzazi na nusu. Akasema hiyo nusu nibaki nayo mwenyewe.

Njoo, dada. Sikuiti ili uaibike. Nakuita ukae kwenye kiti.

Mashimba


Usagara,
20 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Msafiri ameniapia kwamba barua alikupa mkononi, na kwamba uliisoma umesimama. Kwa hiyo sitaki kusingizia koti lake.

Mafunzo yalifanyika. Wazazi walifika sabini na ushee, akina baba wamekaa mlangoni kama watu waliokuja kanisani kwa ajili ya harusi ya mtu mwingine. Bi Zakia alitoka mjini na picha za majani, unga na vidonge, akazibandika ukutani. Mzee Maige akanyoosha mkono, akasema, "Binti, hivi vya kwenye picha tumeviona, asante. Lakini shida yetu sisi haina picha, ina harufu." Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Bi Zakia akauliza ni nani amewahi kumtuma mtoto kilevi au tumbaku. Mwisho bibi mmoja wa nyuma akasema, "Mimi namtuma mjukuu ugoro. Nimtume nani, padri?" Hapo ndipo mafunzo yalipoanza hasa. Mikono ikawa inapanda. Huyu anamtuma sigara amwashie kabisa jikoni, yule anampa mtoto povu la pombe anyamaze. Hakuna aliyekuwa mbaya, dada. Walikuwa watu wanaofanya walivyofanyiwa.

Nikasimama na mimi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikawaeleza habari ya kijana aliyekuwa mwonjaji kwa mama yake, mwenye ulimi usiodanganya, na jinsi siku moja aliacha kutema. Nilisema alikuwa rafiki yangu mmoja wa zamani.

Rebeka alikuwa dirishani, anagawa vikombe vya uji. Watu walipoondoka akaniuliza, "Mjomba, yule rafiki yako aliitwa nani?"

Nikasema nimesahau.

Akanitazama kama Bi Zakia alivyotazama zile karatasi za marafiki wabaya.

Wazazi watano wa wale sita walifika. Kiti chako nilikiwekea mfuko wangu, kisionekane kitupu. Malimi amembembeleza mkuu, naye ametupa mpaka siku ya kufunga shule, tarehe 6 Desemba. Baada ya hapo Rebeka hana nafasi Januari.

Na hili nalo nilitaka kulificha, lakini nimechoka kuficha. Alhamisi nilimkuta nyuma ya kuni peke yake, anacheka, hakuna aliyemchekesha. Nikamnawisha uso kwa maji ya dumu. Akaniambia, "Mjomba, ilikuwa nzuri. Sikutaka kuitema." Kisha akalia, na mimi nikakaa chini pale pale kwenye magome mpaka akanyamaza.

Alitaka kuja kwako likizo. Sitampandisha meli aje kuonja. Ukinikasirikia, nikasirikie tu. Nitakuamkia vile vile.

Mashimba


Kisiwani,
17 Novemba 2024

Mashimba,

Marahaba.

Barua yako ya mwezi wa tisa niliiweka chini ya godoro. Hii ya pili niliipeleka jikoni niichome, ikabaki mkononi mpaka moto ukazimika. Msafiri nilimwambia kama utamuuliza habari zangu, aseme nina kazi.

Siku ile wewe ulikuwa na ng'ombe, hukuona. Nakueleza mara moja, na usiniulize tena.

Tulikuwa na zamu ya kuonja, mimi na Alexander. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unaonja ya kuchezea tu. Siku ile ilikuwa zamu yangu. Mama alikuwa amenishonea nguo ya kipaimara, nilikuwa nimeivaa naijaribu, nikaogopa itashika harufu. Nikamwambia kaka, nionjee leo, kesho nitakuonjea. Akacheka, akasema, "Berna, zamu zako nazipenda kuliko zangu." Alikuwa ameacha kutema siku nyingi. Mimi nilijua. Mama alijua. Lakini ulimi wake ulikuwa unatulisha.

Alikunywa kikombe, akajaza, akajaza tena. Sijui siku ile gongo ilikuwa na nini. Akalala. Saa tisa mchana, jua kali, akaamka akaniuliza, "Mbona mmefunga madirisha?"

Madirisha yalikuwa wazi, Mashimba. Yote mawili.

Kabla hujarudi na ng'ombe alikuwa ameshakwenda. Mama akasema homa. Baada ya arobaini akapika tena, kwa sababu ulitakiwa kununuliwa daftari.

Unaniuliza kwa nini namwonjesha mwanangu. Hukuandika hivyo, lakini ndicho unachoniuliza. Baba yake alipotuacha nilishika kazi niliyoijua. Kazi hiyo inataka ulimi, na ulimi wangu tangu siku ile hauonji kitu. Hata mboga naweka chumvi kwa kupima. Nilidhani nikimwambia ateme, nikasimama pale nikamwangalia akitema, basi inatosha. Mama naye alikuwa anasimama pale pale.

Jumatatu nilichukua msumari na jiwe. Pipa la kupikia gongo nimelitoboa mara tatu. Wateja wamenitukana, na yule mvuvi wa dawa ya mguu ameniuliza kama nimeokoka. Nikamwambia sijaokoka, nimechoka. Sasa nakaanga mandazi. Yanatoka mabaya. Wanakula kwa kunihurumia, isipokuwa yule mvuvi, anakula na anasema wazi kwamba ni mabaya.

Kikombe nacho nimekitoboa. Nimekifunga kwenye khanga, Msafiri anakuletea. Usimwambie Rebeka neno lolote, nitamwambia kwa mdomo wangu. Nitavuka tarehe 4 Desemba. Mwambie mkuu wa shule kiti changu asikitoe, na wewe ondoa mfuko wako juu yake.

Bernadeta


Usagara,
2 Februari 2025

Dada yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Tangu uvuke kurudi nyumba imekuwa kubwa. Selina amelalamika kwamba hakuna wa kumkosoa anavyokunja chapati. Rebeka ameanza kidato cha nne, na mkuu wa shule amemwandikisha mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, maana ya buluu Malimi alikuwa ameishika.

Kuna jambo la kukiri. Siku ile ya Desemba, mlipokuwa mnaosha vyombo kwenye jiwe, nilikuwa jikoni. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa karibu tu, kimya, kwa muda mrefu. Nilisikia ulivyomweleza yote, nguo, zamu, madirisha. Nikasikia alivyouliza, "Kwa hiyo mama, mimi nilikuwa naonja zamu yako?" Nikasikia ulivyochelewa kujibu. Sufuria iliungua, ndiyo maana mlikula makande yenye moshi. Lakini ulisema "ndiyo, mwanangu, nisamehe", na mimi sijawahi kumsikia mzazi wa kwetu akimwambia mtoto neno hilo. Siku tatu za Buzuruga hazikufika hapo.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Wiki uliyoondoka alipotea mchana mmoja. Aliporudi alisimama mlangoni akasema kabla sijafungua mdomo, "Mjomba, nimekunywa. Nimekuja kusema mwenyewe." Nikampa maji. Malimi anakaa naye kila Ijumaa, na Bi Zakia amempeleka kwa mama mmoja wa zahanati anayejua kuzungumza na vijana. Tangu hapo, wiki ya tatu sasa, macho yake ni yake.

Tarehe 25 tulifanya mafunzo ya pili. Safari hii hatukuwasubiri akina baba shuleni, tuliwafuata mnadani, kabla ng'ombe hawajaanza kupigiwa bei. Nilinyanyua kikombe chako. Nikasema, "Hiki kilikuwa cha mama yetu. Kaka yangu aliitwa Alexander, na hakufa kwa homa." Mzee Maige akakichukua, akakiinua juani, akachungulia kwenye tundu. Akasema, "Kwangu kipo kama hiki. Ila hakijatobolewa." Akakirudisha, akakaa. Nimesikia jioni ile aliulizia misumari dukani.

Sasa habari niliyotaka kukupa tangu mwanzo. Jumatano Rebeka alipita jikoni saa ya mapumziko, akachukua kijiko, akachota maharage kwenye sufuria kubwa. Nilimtazama koo. Akameza. Akafikiri. Akasema, "Mjomba, chumvi imezidi."

Miaka kumi na tisa napika hapa, dada. Walimu wamekula, wakaguzi wamekula wakasaini, kizazi kizima cha Usagara kimekula kikaoa. Hakuna aliyewahi kusema. Nikaonja mwenyewe. Imezidi. Huenda ilizidi miaka yote.

Basi kila siku kabla sijaipua namwita. Anakuja anakimbia, mikono ina chaki, anaonja mbele yangu na mlinzi kama jaji. Akisema "bado", naongeza maji. Akisema "tayari", napiga kengele, na watoto mia nne wanakuja kula.

Mdogo wako,
Mashimba